Mzigo Uliorudi Goba

Tanuri lilisimama kwa mara ya tatu mwaka huo siku ya Jumanne, na Eliaichi Mamuya alijua kabla hajafika getini. Bomba la moshi lilikuwa halitoi kitu, na ule mngurumo ambao mtaa mzima ulishauzoea hadi hausikiki tena ulikuwa umekatika. Mama muuza vitumbua aliyekaa nje ya ukuta wa kiwanda alimwambia, "Tanuri lenu limelala tena leo," kwa sauti ya mtu anayempa pole mwenye mgonjwa nyumbani.

"Limelala, mama," Eliaichi akajibu, akapita.

Alikuwa na miaka kumi na minne katika maabara ya Saruji Kulungu, kiwanda kilichoko Temeke, mbele kidogo ya Mbagala. Aliajiriwa wakati tanuri linakula makaa ya mawe peke yake. Miaka miwili iliyopita uongozi uliamua kupunguza makaa na kuchanganya taka: matairi yaliyokwisha, viroba vilivyochanika, soli za viatu, mifuko ya plastiki ambayo hata wanaookota chupa hawaitaki. Ndani ya tanuri moto unafika nyuzi elfu moja na mia nne na zaidi, hakuna kinachosalia, na hata jivu lake linaingia kwenye saruji. Eliaichi aliipenda hiyo kazi mpya. Alikuwa akiwaambia wanawe kwamba takataka za Dar es Salaam nzima zingeweza kujenga nyumba za Dar es Salaam nzima, nao walikuwa wakimwangalia kama mtu anayetangaza biashara.

Shida ilikuwa moja, na aliieleza mara nyingi mpaka akaanza kuichukia sauti yake mwenyewe. Si kila plastiki inafaa. Ipo plastiki ngumu, ile ya mabomba ya maji na vitu vya namna hiyo, ambayo ndani yake mna klorini. Ikiungua, klorini inapaa na joto mpaka juu kwenye mnara ambamo chokaa hupashwa moto kabla ya kuingia tanurini, huko inapoa, inanata ukutani, inashika vumbi la chokaa, na kidogo kidogo mnara unafanya ukoko kama sufuria ya wali. Ukoko ukinenepa, njia inaziba. Njia ikiziba, tanuri linazimwa, na watu wanapanda juu na fito ndefu za chuma kuzibua kwa mkono.

Siku hiyo waliopanda walikuwa wanne. Mmoja wao, Augustine, fundi wa zamu aliyekaribia kustaafu, alikuwa amesukuma fito kwenye tundu la ghorofa ya nne wakati ukoko ulipoporomoka wote kwa pamoja, na unga wa moto ukatoka kwa nguvu kupitia tundu lile. Ulimpata mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Eliaichi alimkuta zahanati ya kiwanda, mkono umefungwa bandeji, akinywa maji kwa mkono wa kushoto.

"Pole kaka Augustine."

"Nimeshapoa, dada. Ningekuwa nimeinama ungenipata usoni." Akaweka maji chini. "Ulisema wewe. Mwezi wa tatu ulisema, na mwezi uliopita ulisema. Mie nilikuwa nasikia tu, sina la kufanya."

Eliaichi alitoka pale akaenda maabara kuchukua faili lake la fomu.

Saa nne waliitwa kwenye kikao. Mkuu wa kitengo cha nishati mbadala alikuwa Theonest, mwanamume mtanashati aliyependa kuanza kila sentensi kwa neno "kimsingi". Yeye ndiye aliyekuwa anapokea malori ya taka na kuhakikisha tanuri haliishiwi. Mbele ya meneja wa kiwanda alisoma ripoti yake ya ukurasa mmoja. Chanzo cha tatizo, ilisema ripoti, ni maabara kutotoa taarifa za kutosha kuhusu ubora wa mizigo.

Eliaichi alikuwa amekuja na faili. Akalifungua, akatoa fomu nne, akazipanga mezani. Zote zilihusu mizigo ya yadi moja ya kuchambulia taka iliyoko Goba. Kila moja ilikuwa na sahihi yake na maandishi yake: klorini imezidi, mzigo ukataliwe. Na chini ya kila moja, kwa wino wa bluu, mwandiko wa Theonest: pokea kwa tahadhari.

"Naomba kuuliza," Eliaichi alisema. "Tahadhari yenyewe ilikuwa ipi?"

Theonest akazitazama zile fomu. "Kimsingi, dada Eli, tanuri lilikuwa linahitaji mafuta. Huwezi kulizima kwa sababu ya vipande viwili vitatu vya plastiki. Plastiki ni plastiki."

"Limezimika sasa."

"Ndiyo, lakini wewe hukusisitiza. Uliandika tu."

"Ulitaka niimbe?"

Meneja alikohoa, akasema wasirushiane maneno, wajenge timu. Akaagiza kila idara iandike mpango kazi, akaangalia saa, akaondoka kwenda kuongea na makao makuu kwa simu. Kikao kikaisha hivyo. Eliaichi alikusanya fomu zake moja moja na kuzirudisha kwenye faili.

Aliposhuka uani aliona lori aina ya Fuso limepaki kwenye foleni ya mizani, limefunikwa turubai la kijani. Alilijua. Lilikuwa lile lile la Goba. Dereva wake, Gregori, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tairi anakula muhogo wa kuchoma.

"Shikamoo dada," Gregori alisema, akajifuta mdomo.

"Marahaba. Nifungulie turubai."

Alipanda juu ya mzigo mwenyewe, na koti lake jeupe la maabara. Alipasua kiroba cha kwanza: mifuko, viroba vya unga, vizibo, vyote safi, vimechambuliwa vizuri hata akashangaa. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilikuwa nusu yake vipande virefu vyeupe, vyembamba, vyenye kung'aa upande mmoja, vimekatwa kwa msumeno. Akakivunja kimoja. Kilikatika kwa mlio mkavu.

Alichukua sampuli, akaenda maabara, akapima, akarudia kupima. Kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa kilikuwa nusu asilimia. Mzigo huu ulikuwa karibu na tatu. Akajaza fomu ya tano na kumpelekea Theonest, ambaye alikuwa anaongea na simu. Bila kukata simu, Theonest akachukua kalamu, akaandika chini, akamrudishia. Eliaichi hakuhitaji kusoma.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hata yeye hakulipanga. Alirudi uani, akamwonyesha mlinzi wa geti sehemu ya juu ya fomu, ile yenye sahihi yake, akamwambia mzigo umekataliwa na lori linatoka. Kisha akavua koti lake jeupe, akalikunja, akafungua mlango wa abiria wa Fuso na kukaa.

Gregori alimwangalia. "Tunaenda wapi, dada?"

"Ulikotoka."

"Goba? Na mzigo?"

"Na mzigo. Nataka nikamwone huyo anayetupakia."

Gregori alisimama kwanza, akapiga simu mbili ambazo hazikupokelewa, kisha akapanda. Walitumia saa mbili na nusu kuvuka jiji. Njiani alizungumza mara moja tu, walipokuwa wamekwama kwenye taa. "Mie nabebaga tu. Huku wananiambia mzigo mbaya, kule wananiambia mzigo mzuri. Kila mtu ananikasirikia mie."

Yadi ilikuwa kwenye mteremko, katikati ya nyumba mpya ambazo nyingine zilikuwa hazijapakwa rangi na nyingine zilikuwa na wapangaji kabla ya kuwa na madirisha. Chini yake kulikuwa na korongo. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye ndoo zilizogeuzwa, wamejifunga vitambaa vichwani na puani, wanachambua milima ya taka. Mwenye yadi, Mashaka, mtu mnene mwenye upole mwingi, alitoka kwenye kibanda chake akiwa ameshaandaa tabasamu.

"Karibu sana madam. Wewe ndiyo wa kiwandani? Mleteeni madam soda baridi."

"Ahsante, sitaki soda. Nimekurudishia mzigo wako."

"Mzigo una nini?"

"Una kitu ambacho kimemchoma mtu leo asubuhi." Akaeleza. Alieleza kuhusu mnara, ukoko, unga wa moto, mkono wa Augustine. Alijisikia anasema maneno yale yale kwa mara ya mia, na akajikuta anapandisha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Na tuliwatumia maelekezo. Tangu mwaka jana tuliwatumia."

Mashaka alikuna shingo. "Kuna barua pepe ilikujaga, kweli. Kurasa kumi na moja. Za Kizungu. Niliona ina nembo, nikaihifadhi."

Eliaichi alifumba macho kidogo. Yeye ndiye aliyeziandika zile kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza, kwa sababu kiolezo cha kampuni kilikuwa cha Kiingereza.

Mwanamke mmoja aliyekuwa mstari wa mbele wa wachambuaji alinyanyuka kwenye ndoo yake. Alikuwa mtu mzima wa makamo ya miaka hamsini na mitano hivi, mrefu, ameshika kiuno kwa maumivu ya kukaa sana. Jina lake lilikuwa Yustina, alitoka Masasi zamani, na yeye ndiye aliyewaongoza wenzake.

"Shikamoo mama," Eliaichi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Samahani, nimekusikia unagomba. Nami nina la kugomba. Huu ni mwezi wa pili tunasikia mzigo mbaya, mzigo mbaya. Tunaambiwa kwoliti. Kwoliti ni nini? Tuliambiwa tusiweke mabomba ya maji. Tazama kule." Alionyesha kwa mkono. Kwenye kona ya ukuta kulikuwa na kichuguu cha mabomba ya plastiki, vipande kwa vipande, vimepangwa kwa urefu. "Hakuna hata bomba moja lililotoka hapa. Tunakaa juani kutoka asubuhi. Wewe ni mtu wa kwanza kuja kutuambia kosa ni lipi, na umekuja umekasirika."

Eliaichi alikitazama kile kichuguu. Alikuwa amesafiri saa mbili na nusu akimtafuta mzembe, akakuta watu waliofanya kila walichoambiwa.

Alikwenda kwenye lori, akaleta kipande cheupe. "Ni hiki, mama."

"Hicho?" Yustina alikipokea, akakigeuzageuza. "Hiki si bomba. Hii ni dari. Zile siling za plastiki zinazofungwa kwenye hizi nyumba mpya. Hakuna aliyetuambia dari."

"Ni plastiki ya aina moja na bomba."

"Utajuaje kwa macho? Nyeupe zipo nyingi. Kiroba nacho ni cheupe."

Lilikuwa swali la haki, na Eliaichi alilijibu kwa njia aliyofundishwa chuoni na ambayo hakuwahi kuitumia tangu kiwanda kinunue mashine ya kupimia. Aliuliza kama kuna waya wa umeme. Upo, waya ulikuwa kitu kisichokosekana pale. Akauchuna ganda mpaka shaba ikabaki tupu, akaishika kwa koleo. Mama aliyekuwa anapikia wenzake chai alikuwa na mtungi mdogo wa gesi. Eliaichi akaiweka ncha ya shaba motoni mpaka ikawa nyekundu na mwali ukabaki wa bluu tupu. Kisha akaigusisha shaba kwenye kipande cha dari, ikashika doa dogo lililoyeyuka, akairudisha motoni.

Mwali ukageuka kijani. Kijani kibichi, cha wazi, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Simameni upande wa upepo, msivute huo moshi," aliwaambia, maana walikuwa wameshasogea wote. Akaichoma shaba mpaka kijani kikaisha, akagusa kiroba cha unga, akarudisha. Mwali wa njano. "Hiki ni salama. Kile kinaziba."

Kwa nusu saa iliyofuata hakuna aliyechambua. Walijaribu kila kitu. Koti la mvua, kijani. Kifuniko cha ndoo, hakuna kitu. Kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua, kijani. Mmoja akaleta kiatu cha mwanasesere. Yustina alivua kandambili yake mwenyewe, akakata kijipande cha ukanda, akagusa: kijani tena. Akaivaa, akasema, "Basi mie nimevaa ubaya siku zote," na wanawake wakacheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Eliaichi naye akacheka kidogo.

Kisha Yustina akamgeukia Mashaka. "Hizi dari zinaletwa na nani?"

Mashaka alikuwa amesimama nyuma na soda aliyokuwa amemfungulia mgeni, anainywa mwenyewe. "Hizo za shemeji."

Ikajulikana. Brightson, kaka wa mke wa Mashaka, alikuwa fundi wa kufunga dari, na Goba nzima ilikuwa inajenga. Mabaki yake alikuwa akiyaleta yadi kila Ijumaa kwa gari dogo, kwa kuwa hakuwa na pa kuyatupa, na yalikuwa yanaongeza uzito wa viroba. Hakuna aliyemkataza.

"Mkataze," Eliaichi alisema.

"Madam, unajua mambo ya ukweni. Nikamwambie nini? Kwamba dari zake zina sumu? Ndiye aliyefunga dari nyumbani kwangu."

"Hazina sumu zikiwa darini. Zinaleta balaa zikiingia kwenye tanuri. Mwambie hivyo."

"Nitatafuta lugha nzuri. Nipe kama wiki tatu."

Eliaichi alihisi ile hasira ya asubuhi inarudi yote, na faili, na kimsingi, na mpango kazi. Lakini Yustina alimtangulia.

"Usitafute lugha, baba. Sisi ndio tunaopokea viroba. Ijumaa akija, tutamwonyesha moto, halafu atarudi navyo. Ukivipokea wewe, utavichambua wewe."

Mashaka akatazama chupa ya soda. Hakubisha.

Ijumaa Brightson alikuja. Eliaichi hakuwepo, alisimuliwa kwa simu na Yustina, ambaye alizungumza kwa kirefu na kwa raha. Brightson alifoka, akampigia dada yake, dada akampigia mumewe, Mashaka akazima simu. Mwishowe Brightson akawekwa mbele ya mtungi wa gesi akashikishwa koleo mwenyewe. Aliondoka na mzigo wake. Siku ya pili yake wanawake waliuona umetupwa chini korongoni, na Yustina akampigia tena Eliaichi kumwuliza sasa wafanye nini.

"Mama, mimi ni wa maabara," Eliaichi alisema.

"Najua. Lakini ndiye tuliyenaye."

Akakaa kwenye kiti chake na simu sikioni, amechoka mpaka mifupa. Kisha akaanza kuuliza watu. Ilimchukua siku tisa kumpata mwenye mashine ya kusaga mabaki ya plastiki ngumu huko Keko, anayeyafanya mipira ya kupitishia nyaya ukutani. Alikubali kuchukua dari na kichuguu chote cha mabomba. Brightson aliambiwa akayatoe mabaki yake korongoni, akayatoa, hakumsalimia mtu.

Kiwandani, mizigo ya Goba ilipita vipimo mmoja baada ya mwingine. Tanuri lilifanya kazi wiki saba mfululizo. Theonest aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi kwamba, kimsingi, kutokana na juhudi za kitengo chake za kuwafuata wasambazaji, changamoto imepatiwa ufumbuzi. Watu thelathini waliweka alama ya makofi. Augustine, aliyekuwa nyumbani bado anabadilishwa bandeji, alimtumia Eliaichi ujumbe wa peke yake: "Nimesoma. Nimecheka mpaka mkono umeuma."

Zile kurasa kumi na moja Eliaichi alizifupisha zikawa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye picha: dari, bomba, koti la mvua, kitambaa cha meza, kandambili. Akaupeleka kwa uongozi uidhinishwe ili utumwe kwa yadi zote. Wiki ya kwanza akaambiwa nembo imewekwa kushoto na inatakiwa kulia. Wiki ya pili akaambiwa lazima ipite idara ya sheria. Wiki ya tatu aliyepaswa kusaini alikuwa likizo. Jumamosi ya wiki hiyo Eliaichi alikwenda Goba na mchoraji wa mabango ili auchore ukurasa ule kwenye ukuta wa yadi, na Yustina akasimama na mchoraji ukutani mchana kutwa akimwelekeza ukubwa wa kandambili.

Jumatatu iliyofuata alikuta bahasha mezani kwake. Alitakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini waraka wa kampuni ambao haujaidhinishwa umechorwa hadharani kwenye ukuta wa mtu binafsi.

Aliisoma mara mbili. Nje, lori lilikuwa linapanda kwenye mizani. Akavuta karatasi, akaandika tarehe, jina la meneja, na kichwa cha habari kama inavyotakiwa. Kisha akaandika kwamba yeye, Eliaichi Mamuya, ndiye aliyeuchoresha, kwamba wenye yadi za Mbagala na Kawe wameshaomba nao wachorewe, na kwamba amewaahidi Jumamosi mbili zijazo. Akasaini, akaiacha karatasi juu ya meza ya katibu muhtasi, akashuka uani kuchukua sampuli.